Vile utaimba Kizungu maneno yashikike hadi viti vya nyuma, bila kutwenga

Kuna mazishi tuliimba pale Lang'ata miaka kadhaa imepita, familia ilikuwa imetuomba wimbo mmoja wa Kizungu juu marehemu mama yao alikuwa anaupenda sana, tukaufanyia mazoezi wiki mbili, sauti zote nne zikakaa sawa, alafu baada ya ibada binti yake akakuja kutushukuru, macho mekundu, akasema tyuni aliijua lakini maneno hakushika hata mstari mmoja. Hakuwa analaumu mtu, alisema tu vile ilikuwa. Ilinikaa kwa roho juu yale maneno ndio alikuwa anangoja, mamake alikuwa akiyaimba jikoni kila asubuhi, na sisi tulimpelekea tyuni peke yake.

Tangu hiyo siku, kila kwaya nafundisha, iwe ya kanisa, ya ofisi ama vijana wanataka kurekodi, lazima tuanze na matamshi, na huwa nasikia swali moja kila mara: mwalimu, kwani unataka tutwenge? Hapana. Kutwenga ni kuiga lafudhi ya mtu mwingine, na mtu wa Nairobi akiimba na lafudhi ya Nairobi hakuna ubaya wowote. Ninachotaka ni mtu amekaa kiti cha mwisho, hajui huo wimbo, hana karatasi mkononi, ashike kila neno. Na siri ambayo imenisaidia kuliko zote ni kwamba mdomo unaojua Kiswahili tayari uko na nusu ya hii kazi. Walimu wa kuimba huanzisha wanafunzi na irabu za Kitaliano, a e i o u, safi, hazitikisiki, na hizo ni kama zetu kabisa, wewe umezaliwa nazo. Kwa hivyo usizitupe ukianza kuimba Kizungu, anzia hapo alafu ongeza zile zenye hazipo.

Hatua ya 1: Toa tyuni kwanza

Andika maneno yote ya wimbo kwa mkono, kwa daftari, sio skrinshoti. Acha mstari mmoja wazi juu ya kila mstari juu hapo ndio utaandika matamshi. Kiswahili kinaandikwa vile kinasemwa, hiyo ni zawadi, itumie: andika "laf" juu ya "laugh", andika "kwaya" juu ya "choir".

Sasa soma kwa sauti kama unamwambia mtu habari, bila kuimba. Ukikwama kwa kusema utakwama kwa kuimba pia, tofauti ni kwamba tyuni itakuficha usijue umekwama.

Alafu chukua simu ufungue kamusi ya Cambridge ama ya Oxford, ziko bure kwa intaneti, kila neno liko na alama ya spika ya Uingereza na nyingine ya Marekani. Bonyeza, sikiza, rudia. Anza na yale maneno unadhani unajua, juu hayo ndio huwa yanatuangusha, kwa mfano "blood" na "flood" ni "blad" na "flad", "food" ni "fuud", "good" ni "gud", yaani herufi ni zile zile lakini sauti tatu tofauti. "Women" ni "wimin". "Bury" inasikika kama "beri". "Said" ni "sed". Kwa nyimbo za kanisa angalia sana herufi zinazoandikwa na hazisemwi: "lamb", "tomb" na "womb" hazina b mwishoni, "sword" na "answer" hazina w, "psalm" ni "saam".

Utaona alama za ajabu kando ya neno. Hizo zinatoka kwa chama cha wanafonetiki kilichoanzia Paris mwaka wa 1886 na hauhitaji kuzijua zote, tatu tu zinatosha kuanza: nukta mbili ː maana yake ni vuta hiyo irabu, kistari cha juu ˈ maana yake ni silabi inayofuata ndio ina mkazo, na ə, ile e iliyopinduliwa, ni sauti hafifu nitaifikia huko chini.

Kitu kingine hapa hapa, chagua upande mmoja. Kama wimbo ni wa gospo ya Marekani unaweza kufuata matamshi ya Marekani, kama ni tenzi za zamani za Uingereza fuata za Uingereza, lakini kwaya nzima iamue pamoja, juu mkiwa watu thelathini na nusu wanasema "daans" na nusu "dens" hakuna mtu atashika chochote.

Hatua ya 2: Irabu, na hapa usikimbie

Sisi tuko na irabu tano. Kizungu cha Uingereza kina sauti za irabu karibu 20 ukihesabu na zile za kuungana. Kwa hivyo kile tunafanya, bila kujua, ni kuziweka zote 20 ndani ya zile tano zetu, na ndio maneno manne tofauti yanatoka sauti moja. Mfano wangu wa kila siku ni "hat", "hut", "heart" na "hurt". Mwambie mtu wa Nairobi asome hayo haraka haraka, mara nyingi utasikia "hat, hat, hat, hat". Kwa maongezi ya kawaida hakuna shida, sentensi inasaidia. Kwa wimbo sentensi imevutwa, maneno yako mbalimbali, msikilizaji hana cha kushikilia. Unaimba moyo, yeye anasikia kofia.

Vile ya kuzitenganisha ni hivi. "Hut", na pia "love", "blood", "sun", ni ile a yetu fupi, kama ya "kata", hapo uko karibu sana na inatosha. "Heart" ni a ya nyuma na ndefu, taya ishuke kabisa, kama vile daktari akikwambia ufungue mdomo aangalie koo. "Hat" iko kati ya a na e, sema e ya "meza", ishikilie, alafu shusha taya polepole bila kusongesha ulimi, penye itaanza kusikika kama mbuzi mdogo ndio hapo, ile sauti ya "hand", "man", "thank". Na "hurt" ndio ngumu kuliko zote juu haipo kwetu kabisa: weka ulimi kama unasema e, alafu leta midomo mbele kama unataka kusema o, usimalize, baki katikati. Hiyo sauti moja ukiipata umepata "world", "word", "first", "earth", "worship", "church", "birth", "heard", "turn". Hebu angalia hiyo orodha vile ni maneno ya nyimbo za ibada karibu yote. Mimi huwa natumia dakika kumi za mazoezi kwa hiyo sauti peke yake na sijawahi kujuta, juu "first" ikiimbwa na a inakuwa "fast", na "birth" inakuwa "bath".

Jozi ya pili ni "sin" na "seen", "live" na "leave", "fill" na "feel". Shuleni wengi tulifundishwa tofauti ni urefu tu, moja fupi moja ndefu, na mtu wa Kiswahili anakubali haraka juu kwetu urefu unabadilisha maana, "kufa" sio "kufaa", "kupa" sio "kupaa". Lakini ukiimba, urefu sio wako! Aliyetunga wimbo ndiye ameamua neno litachukua mapigo mangapi. Akikupa "sin" ya mapigo manne na wewe unategemea urefu, utaimba "seeeeen" na maana imeenda. Kwa hivyo tofauti lazima ikae kwa umbo la mdomo. "Seen" ni i yetu ya "siku", kali, midomo imetabasamu kidogo. "Sin" ni i iliyolegea, nusu njia kuelekea e, ulimi umeshuka kidogo, hakuna kubana. Jizoeze kwa noti moja ndefu, imba "seen" mapigo manne alafu "sin" mapigo manne, noti ile ile urefu ule ule, na mtu mwingine akiwa amekupa mgongo akwambie ni gani. Akikosea rudia. Vile vile "fool" ni u ya "kuku" na "full" ni u iliyolegea kuelekea o.

Jozi za o. "Lord" ni o moja tu ndefu kama ya "ndoto", haibadiliki. "Load" inaanza na o na inamalizia na u kidogo. "Called" na "cold" tofauti ni hiyo hiyo. Ukiimba "He called" na isikike "He cold", umebadilisha habari yote.

Usijaribu zote wiki moja. Chukua wimbo wako, tafuta ni sauti gani inarudi mara nyingi zaidi, fanya hiyo.

Hatua ya 3: Irabu mbili kwa noti moja

Kiswahili kikiandika "chai" tunasema a na i zote mbili kila moja na nguvu yake, cha-i. Kizungu kwa "night", "day", "now", "hold", "joy", hizo ni irabu mbili lakini silabi moja, na ya kwanza ndio bosi. Kanuni ya kuimba: kaa kwa ya kwanza karibu noti yote, alafu gusa ya pili ukitoka tu. "Naaaaaa-it". "Deeeee-i". "Naaaaa-u". Wengi wetu hukimbilia ya pili mapema, noti inajifunga, unasikia "naiiiiiit", sauti inakuwa nyembamba na kwaya inaanza kushuka tyuni. Kwa kwaya mwalimu aonyeshe kwa mkono ni pigo gani mnabadilisha, la sivyo kila mtu atabadilisha saa yake.

"Go", "home", "soul", hapa sisi tuko na bahati, o yetu ni safi tayari, ivute tu vile ilivyo na uweke u kidogo mwisho. "Fire", "power", "prayer" angalia noti ziko ngapi, aliyetunga akikupa moja imba kama silabi moja, akikupa mbili gawanya.

Hatua ya 4: Mwisho wa neno

Maneno ya Kiswahili yanaishia na irabu. Hata tukikopa tunaongeza, "benki", "basi". Hii tabia inaingia kwa nyimbo bila ruhusa, "God" inakuwa "Godi", "Lord" inakuwa "Lodo", ama kinyume chake mtu anaogopa anakata kabisa, "Go", "Lor", na neno linabaki wazi. Yote mawili yanaua neno.

Dawa: kila mwisho wa neno refu, andika kwa daftari namba ya pigo ambapo konsonanti inaanguka. Kama noti ni mapigo matatu na kuna pumziko la moja, konsonanti inaanguka juu ya pigo la nne, hapo kwa pumziko, sio kabla. Watu wote pamoja. d iwe d na t iwe t, juu "God" na "got" ni maneno mawili na tofauti ni hiyo herufi moja ya mwisho. Ukimaliza d funga ulimi na uachilie kidogo sana, hewa tu, bila i wala o nyuma yake.

Alafu kuna z. Hii ni kubwa na karibu kila kwaya inaikosa: "is", "was", "his", "praise", "rise", "eyes", "days", "always", zote zinaandikwa na s na zinasemwa na z. "Jesus" ina z katikati na s mwisho, "Jizas". "Peace", "grace", "voice" ni s kweli. Pitia karatasi yako yote na kalamu nyekundu uweke z juu ya kila s inayolia z. Wimbo ukijaa s za uongo unasikika mkavu, umekatika katika, z iko na sauti ndani yake na inaunganisha neno na linalofuata.

Maneno ya -ed pia. "Loved" ni "lavd", silabi moja. "Walked" inaishia na t. "Wanted" ndio iko na silabi ya pili. "Blessed" ni moja ama mbili, noti zitakwambia.

Hatua ya 5: Konsonanti, na zile tayari unazo

Anza na furaha, "ng". Mtu akisoma "king" na "sing" anaweka g ngumu mwisho, "kingi", na hapo ndipo namwambia sema "ng'ombe". Hiyo ng' ya ng'ombe ndio iko mwisho wa "king", "sing", "song", "bring", "morning". Ni sauti ambayo wageni wakija kujifunza Kiswahili wanatoa jasho nayo mwanzo wa neno, na wewe umeisema tangu utotoni. "Singing" ni "si-ng'i-ng'". Lakini "finger", "hunger", "anger", "stronger", "longer" ni ile ya "ngoma", g inasikika. Kwa hivyo "singer" ni ng'ombe na "finger" ni ngoma. Nimeona watu wazima wakishika hii kwa dakika mbili baada ya kuikosa miaka ishirini.

"Th" pia tuko nayo, mbili. "Think", "thank", "faith", "death" ni th ya "thamani". "The", "this", "father", "breathe" ni dh ya "dhahabu". Kama wewe hapa Nairobi umezoea kusema "selasini", rudi kwa "thelathini" kwanza, ulimi utoke kidogo kati ya meno, na Kizungu chako kitafuata.

Lugha ya nyumbani pia inachangia na hakuna haja ya aibu, ni kujua tu wapi pa kuangalia. Aliyekulia kwa Kikuyu aangalie r na l, na b na d zisije na m na n mbele yake, na th ya "think" isigeuke dh, juu th ya Kikuyu ndio ile ya Thika. Aliyekulia kwa Kijaluo aangalie "sh", "shine" isiwe "sine". Kwa Kiluhya na Kikalenjin angalia p na b, t na d, k na g, weka vidole kwa koo, b d g zinatetemesha, p t k hazitetemeshi. Kwa kwaya mimi sitaji mtu mbele ya wengine, tunafanya zote sote pamoja, kila mtu anajua yake.

p, t, k mwanzo wa neno Kizungu zinatoka na pumzi. Wazee wa Mombasa wanajua hii vizuri, kwao "paa" mnyama ina pumzi na "paa" ya nyumba haina. Shika kipande cha tishu mbele ya mdomo sema "power", "time", "king", tishu icheze. Bila hiyo pumzi "power" ukumbini inasikika kama "bower".

R. Kwa mtindo wa Uingereza r ikiwa mwisho wa neno ama kabla ya konsonanti haisemwi, "Lord" ni "lood", "star" ni "staa", "heart" ni "haat", na kwa kwaya huu ndio mtindo salama juu r ikivutwa inafunga koo na noti inakufa. Hata ukiimba kwa mtindo wa Marekani, vuta irabu, r ije mwisho kabisa. R ya mwanzo, "river", "rejoice", usiitetemeshe kama ya Kiswahili ya "ruka", viringisha ulimi nyuma kidogo bila kugusa juu.

"Sh", "ch", "v" na "w" sitakaa hapo, tuko nazo zote, hakikisha tu "v" inagusa meno na mdomo wa chini na "w" haigusi.

Hatua ya 6: Mkazo, na ile sauti hafifu

Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, daima karibu. Kizungu mkazo unaenda popote. Tukiimba bila kufikiri tunasema "vik-TO-ri" badala ya "VIK-tori", "wil-DA-nes" badala ya "WIL-danes", "ka-RAK-ta" badala ya "KA-rakta". Weka mstari chini ya silabi yenye mkazo kwa daftari. Mtunzi mzuri huwa ameiweka kwa pigo zito tayari, kwa hivyo mara nyingi ukifuata muziki utakuwa sawa, ila kwa mdundo wa haraka na kwa vipande vya kuongea ndani ya wimbo uko peke yako.

Zile silabi zisizo na mkazo Kizungu kinazilegeza hadi zinabaki sauti moja ndogo ya katikati, ile ə. Iko mwisho wa "heaven", "glory of" iko kwa "of", mwanzo wa "away" na "around", mwisho wa "father". Sisi tunazipa irabu kamili, "he-VEN", na kila silabi inalingana na nyingine, wimbo unatembea kama askari kwa gwaride. Iguse tu. Lakini ikiangukia noti ndefu hauwezi kuilegeza sana, itapotea, kwa hivyo ipe rangi kidogo ya e ama a na uipunguze nguvu, sauti ndogo kuliko silabi iliyotangulia. "The" ni "dhə" kabla ya konsonanti na "dhi" kabla ya irabu: "dhə king", "dhi earth". "Of" ni "əv", mwisho ni v, sio f.

Hatua ya 7: Noti za juu

Hii ni ya soprano na teno. Kuna saa nasikia mwalimu akigombeza soprano eti hawasemi maneno, na hawana makosa. Irabu i inatambulika kwa mvumo wa mdomo ulio chini, karibu 300 Hz, yaani mitetemo 300 kwa sekunde. Noti ya A inayotumika kutyunia vyombo ni 440 Hz, na soprano anaimba juu ya hapo siku yote. Noti ikipita ule mvumo, i haiwezi tena kusikika kama i kamili, hata ufanyeje, na ukilazimisha unabana koo. Kwa hivyo juu fungua taya, acha i ielekee "i" legevu na e ielekee a, na neno libebwe na konsonanti zako na maneno ya kabla na baada. Alto na besi, nyinyi hapo ndio mnaonyesha maneno, msilale.

Hatua ya 8: Konsonanti mbele ya pigo

Irabu ndio inaangukia pigo, konsonanti zinatangulia. Kwa "strong", s-t-r zote tatu zimalizike kabla, "o" igongane na mkono wa mwalimu. Piga makofi pole pole, sema neno, kofi likutane na irabu. Kwaya inayochelewa kila mara, mara nyingi shida sio mdundo, ni kwamba wanaanza konsonanti kwa pigo badala ya kabla. Na m, n, l, v, z ziko na sauti, zianze kwa noti yenyewe, usipandie kutoka chini.

Unganisha maneno, "hold on" ni "hol-don", laini. Isipokuwa maana inabadilika: "great eyes" isiwe "grey ties", hapo achanisha kidogo tu kwa koo.

S ya kwaya ni balaa. Watu arobaini kila mtu na s yake inasikika kama mafuta yakimwagiwa maji. Ifupishe, iwe mwisho kabisa, na mkiweza chagua watu wanne pekee kila sauti waseme s na wengine waache neno wazi, kwa hadhira itasikika s moja safi. Kama mko na maiki, p na b zinapiga kishindo kwa spika, weka maiki kando kidogo ya mdomo, sio mbele kabisa.

Kwa wale wanajiandaa na Kenya Music Festival, lile tamasha limekuwepo tangu 1927, nyimbo za lazima huja mapema na hapo hakuna kisingizio, hatua ya 1 na ya 2 zifanywe kabla hata ya kugawa sauti. Nimeona shule ikifundisha solfa, yaani do re mi, mwezi mzima alafu maneno wiki ya mwisho, na maneno yanabaki vile vile yameshika kutu.

Hatua ya 9: Jirekodi, na mtume mtu nyuma

Dakika ishirini kwa siku zinatosha. Tano kusoma bila tyuni, kumi kwa sauti moja ya wiki hiyo, tano kuimba na kurekodi. Kwa matatu ya Thika Road jamu ikikushika weka earphone ufungue ule wimbo kwa YouTube, punguza spidi hadi 0.75, usiimbe, fuata kwa midomo tu bila sauti, mdomo unajifunza hivyo pia. Ukirekodi usiweke simu karibu na mdomo juu hapo kila kitu kinasikika sawa, iweke mwisho wa chumba, ama nje ya mlango ukiwa ndani.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe chukua mtu hajui wimbo, mpwa wako, bawabu wa kanisa, mama anayesafisha viti, mwombe kwa heshima akae kiti cha nyuma kabisa na karatasi na kalamu, imbeni wimbo mara moja tu, aandike kila neno anashika na aache nafasi penye hajashika. Usimsaidie, usimwonyeshe mdomo, na asiambiwe wimbo ni wa nini. Sisi tulianza kufanya hivi baada ya ile siku ya Lang'ata, na mara ya kwanza karatasi ilirudi na maneno kumi na moja kwa beti mbili. Chukua hizo nafasi tupu, zizungushe kwa daftari lako, utakuta nyingi ni sauti moja ama mbili zile zile zikirudi. Hizo ndio za wiki iliyobaki. Alafu mtu mwingine, sio yule wa kwanza, akae pale pale nyuma.